Mnunuzi Anaporudi na Malalamiko: Kutafuta Chanzo cha Mgogoro Unapouza Kamera Iliyotumika Mtandaoni

Mpiga picha wa Mwanza anayeishi kwa harusi, kipaimara na mahafali hafiki mbali kabla hajalazimika kuuza kifaa kimoja ili anunue kingine. Huipiga picha bodi (mwili wa kamera) na lenzi zake juu ya meza, huweka tangazo Facebook, Instagram, mtandao wa matangazo wa Jiji au katika kundi la WhatsApp la wapiga picha wa Kanda ya Ziwa, na baada ya siku chache humpata mtu wa Bukoba, Musoma, Kahama au Nansio ambaye hajawahi kuonana naye. Fedha hupitia kwenye simu, mzigo hupanda basi au meli, na wawili hao hubaki wameunganishwa na maneno waliyoandikiana tu. Maneno hayo yakiwa mepesi, lalamiko dogo hugeuka ugomvi mkubwa.

Anayeuza kupitia eBay, soko la mtandaoni la kimataifa, ana mwamuzi. Mnunuzi aliyepokea kitu kisicholingana na maelezo yake hupewa siku 30 za kufungua madai, na aliyelipa kwa huduma ya malipo ya PayPal anaweza kufungua yake ndani ya siku 180 tangu alipolipa. Huku kwetu tangazo hukutanisha watu, kisha huwaacha wamalizane wenyewe. Ndiyo maana nashauri lalamiko la mnunuzi lishughulikiwe kama fundi anavyoishughulikia kamera iliyoletwa mezani kwake: asikilize dalili kwanza, atafute chanzo, ndipo aamue nani anapaswa kulipa nini. Katika mauzo yangu na ya wenzangu nimeona mara nyingi zaidi kwamba chanzo kilikuwa ndani ya tangazo lenyewe kabla hata mzigo haujafungwa, kwa sababu muuzaji hakuandika jambo alilolijua, au aliandika jambo ambalo hakulipima.

Kabla ya kujibu lalamiko lolote

Ujumbe wa kwanza wa mnunuzi huwa mfupi na wenye hasira: "Kaka, lenzi uliyonitumia ni mbovu, naomba hela yangu." Usimjibu kwamba ilipotoka kwako ilikuwa nzima, hata kama una hakika, kwa sababu sentensi hiyo haimsaidii kuonyesha tatizo na humfanya akuone umeanza kujitetea. Mshukuru kwa kukujulisha, kisha mwombe vitu vitatu: video fupi isiyokatwa inayoonyesha tatizo likitokea, picha ya namba ya usajili iliyochapwa kwenye bodi au lenzi, na faili halisi la picha iliyopigwa na kamera hiyo. Faili hilo alitume kama hati, kwa kuwa WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huipunguza na kuondoa taarifa zilizohifadhiwa ndani yake, zikiwemo aina ya lenzi, kasi ya shata (pazia linalofunguka kupitisha mwanga) na tarehe. Mwambie pia asimpelekee fundi afungue kifaa mpaka mmeelewana, kwa sababu kifaa kikishafunguliwa hakuna tena anayeweza kuthibitisha kilikuwaje.

Wakati unasubiri, rudi kwenye tangazo lako ulisome kama mtu asiyekujua. Kama uliandika "iko safi kabisa, haina tatizo lolote", jiulize ulipima nini hadi ukaandika "lolote".

Dalili: "Lenzi ina ukungu ndani"

Hili ndilo lalamiko ninalolikuta mara nyingi zaidi kandokando ya ziwa, na ndilo linalohitaji subira kuliko mengine, kwa kuwa neno "ukungu" hubeba mambo matatu tofauti kabisa.

Jambo la kwanza ni umande wa muda. Lenzi ikisafiri usiku kucha ndani ya basi lenye kiyoyozi, au ikitoka mahali penye baridi, kisha ikafunguliwa mchana katika hewa ya joto na unyevu ya mjini, mvuke huganda juu ya kioo na wakati mwingine hata ndani yake. Mnunuzi huona weupe laini uliotanda sawasawa na huamini kwamba lenzi imeingia maji. Kinga yake ni kuiacha ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa mpaka ilingane na joto la chumba, ndipo aitoe. Weupe ukitoweka baada ya saa chache bila kuacha alama, hakuna mgogoro hapo. Ni afadhali kumwandikia mnunuzi maelekezo haya siku unayotuma mzigo, kabla hajapata sababu ya kuogopa.

Jambo la pili ni fangasi. Fangasi hustawi pale ambapo unyevu wa hewa hukaa muda mrefu juu ya takriban asilimia 60, na mtu aliyekaa Mwanza, Bukoba au Ukerewe msimu wa masika anajua kwamba mkoba wa ngozi uliosahauliwa kabatini hutoa harufu yake kabla ya mvua kwisha. Ndani ya lenzi fangasi huonekana kama nyuzi nyembamba zinazotawanyika mfano wa utando wa buibui au mizizi midogo, na mara nyingi huanzia pembezoni mwa kioo. Ili kuiona, ondoa vifuniko vyote viwili, fungua tundu la lenzi (uwazi wa ndani unaopitisha mwanga) hadi mwisho, mulika tochi ya simu kwa kuilaza upande mmoja, kisha tazama kutoka upande wa pili. Jambo la tatu ni utando hafifu wa mafuta au vumbi laini lililozeeka ndani. Huo hauna nyuzi, bali hufifisha picha kila unapopiga kuelekea kwenye mwanga.

Muda ndio unaoamua nani anawajibika. Fangasi huchukua wiki kadhaa hadi kuonekana, hivyo mnunuzi aliyefungua boksi jana akakuonyesha nyuzi zilizokwisha kutawanyika anasema kweli kwamba zilitoka kwako, na hakuna basi lolote duniani linaloweza kuziotesha kwa usiku mmoja. Kinyume chake, lalamiko likija miezi miwili baadaye kutoka kwa mtu aliyekuwa akihifadhi lenzi kwenye mkoba wenye unyevu, una haki ya kuomba picha alizopiga wiki ya kwanza na kuuliza mbona hakusema wakati huo.

Haya niliyajua kwa kukosea mimi mwenyewe. Niliwahi kumuuzia kijana mmoja wa Bukoba lenzi ya milimita 85, na alipolalamika nilimjibu kwa uhakika mkubwa kwamba ni umande tu, asubiri. Alisubiri siku mbili kwa heshima, kisha akanitumia picha aliyoipiga kwa tochi, na nyuzi zilikuwa wazi kwenye ukingo wa kioo cha nyuma. Nilipozitazama upya picha za tangazo langu niligundua kwamba zote nilizipiga kwa mbele, zikiakisi anga jeupe la dirishani, kiasi kwamba hakuna mtu ambaye angeweza kuona kilichomo ndani, nami nikiwemo. Nilimrudishia fedha zote pamoja na nauli ya mzigo ya kwenda na kurudi. Tangu siku hiyo kila lenzi ninayoitangaza ina picha ya tochi iliyopigwa kutoka nyuma, hata kama picha hiyo inaonyesha vumbi na kunipunguzia bei.

Kama fangasi ni kidogo na mnunuzi bado anaihitaji lenzi, inawezekana kukubaliana kupunguza bei badala ya kurudisha mzigo. Lakini mweleze ukweli kwamba usafishaji huondoa fangasi yenyewe, wakati alama iliyokwisha kula tabaka la juu la kioo haiondoki.

Dalili: "Kamera haikubali lenzi" au "haifokasi"

Hapa vifaa mara nyingi ni vizima na kosa ni la kutolingana. Chukua lenzi ya Nikon ya milimita 50 f/1.8D, ambayo wengi huitafuta kwa sababu ya bei yake. Mnunuzi mwenye Nikon D3100 akiifunga itapiga picha, lakini haitafokasi yenyewe (haitajilenga ili picha iwe kali), kwa kuwa lenzi hiyo hutegemea mota iliyomo ndani ya bodi, na bodi za daraja la D3000 na D5000 hazina mota hiyo. Mnunuzi mwingine mwenye D7000, bodi iliyo na mota, atakuandikia kwamba kamera imegoma kabisa na inawaka herufi fEE. Maana yake ni kwamba pete ya tundu kwenye lenzi haijazungushwa hadi namba kubwa kuliko zote, yaani 22, na kufungwa hapo. Dakika moja ya maelezo ya sauti humaliza kilio hicho. Kwa upande mwingine, lenzi mpya za Nikon zenye alama ya AF-P hazifanyi kazi kwenye bodi za zamani kama D90, na hapo hakuna maelezo yatakayosaidia.

Kwa Canon, lenzi za EF-S hazifungi kwenye bodi zenye sensa (kipande kinachonasa picha) kubwa ya fremu kamili kama 6D au 5D Mark III, na lenzi za EF haziingii kwenye bodi za mfululizo wa R bila kiunganishi. Ujumbe wa Err 01 unahusu mawasiliano kati ya bodi na lenzi, hivyo mwombe mnunuzi afute vinundu vya metali vinavyogusana kati ya bodi na lenzi, pande zote mbili, kwa kitambaa laini kikavu, kisha ajaribu lenzi nyingine. Kosa likifuata lenzi, lenzi ndiyo yenye shida. Likibaki kwenye bodi hata baada ya kubadilisha lenzi, tatizo liko kwenye bodi. Err 20 au Err 30 inayorudi hata baada ya kutoa betri na kuirudisha ni suala la fundi, aghalabu shata au mitambo ya ndani.

Kuna pia wanaosema kamera haisomi kadi. D90 ilitengenezwa kwa kadi zisizozidi GB 32, na 5D Mark II hutumia kadi kubwa za CF pekee, hivyo mnunuzi aliyeweka kadi ya GB 64 aliyoitoa kwenye simu hajauziwa kamera mbovu.

Swali gumu ni nani abebe hasara ya kutolingana. Kwa maoni yangu, mnunuzi aliyekuuliza kabla, "Itafunga kwenye D3100 yangu na kufokasi?" nawe ukamjibu ndiyo, umemuuzia neno lako na inakupasa urudishe fedha zote. Asiyeuliza amenunua alichoonyeshwa. Hata hivyo, kama uliona kwenye mazungumzo kwamba ana D3100 ukanyamaza ili biashara isiharibike, unajua moyoni kwamba ulimwacha aingie shimoni, na ingekuwa haki mgawane gharama ya kurudisha.

Dalili: "Shata imepiga picha nyingi kuliko ulivyosema"

Mgogoro huu hutokana na namba iliyoandikwa kwa kukisia. Wauzaji wengi hutazama namba ya faili, wakaona IMG_4210, wakaandika kwamba kamera imepiga picha elfu nne tu, na hawajui kwamba namba ya faili hurudi mwanzo baada ya 9999 na inaweza kuanzishwa upya wakati wowote kwenye menyu. Nikon huandika idadi halisi ndani ya faili la picha, na programu nyingi za kompyuta huisoma. Bodi nyingi za Canon haziiandiki humo, bali huhitaji kuunganishwa na kompyuta kwa waya na kusomwa kwa programu maalumu. Kwa hiyo mnunuzi wa Canon anayekuambia kwamba ameisoma idadi hiyo kwenye picha uliyomtumia huenda amesoma kitu kingine, na ni vizuri kumwuliza kwa upole ametumia njia gani.

Watengenezaji hutaja kiwango ambacho shata ilijaribiwa kukifikia: 6D ni 100,000, 5D Mark III ni 150,000, na Nikon D850 ni 200,000. Hiyo haina maana kwamba siku ya picha ya 150,001 kamera itakufa, wala kwamba iliyopiga 60,000 haiwezi kuharibika kesho. Idadi ya picha ikilinganishwa na kiwango hicho ni kipimo cha umri wake, na bei huhesabiwa kutokana nacho. Ukiandika 30,000 na ukweli ukawa 110,000, hata kama kamera inapiga vizuri, umemuuzia mtu umri mwingine, na tofauti hiyo ya bei ni yake. Ukishindwa kuisoma idadi, andika waziwazi kwamba haijasomwa.

Dalili ndogondogo zinazotatuliwa kwa ujumbe mmoja

Madoa meusi yanayoonekana angani kwenye f/16 (tundu dogo) na kutoweka kwenye f/2.8 (tundu kubwa) ni vumbi juu ya sensa. Husafishwa, na kama hukuyataja mlipie usafishaji. Mstari mweusi unaofunika sehemu ya picha anapotumia flashi hutokana na kasi ya shata kupita uwezo wa kamera kuoana na flashi, ambao kwa 5D Mark III ni 1/200 na kwa 6D ni 1/180. Mwambie ashushe kasi. Kitundu cha kutazamia kinachoonekana na ukungu wakati picha zenyewe ni kali kinahitaji kurekebishwa kwa gurudumu dogo lililo kando yake, kwa sababu wewe ulikiweka kilingane na macho yako. Betri isiyodumu hupimwa ndani ya kamera yenyewe: D7000 huonyesha uzee wake kwa namba 0 hadi 4, na 6D huonyesha kwa vijisanduku vitatu. Jambo moja katika kundi hili si dogo, nalo ni bodi za Sony zilizotengenezwa kwa soko la Japani, ambazo menyu yake ni ya Kijapani pekee na haibadiliki. Bodi hizo hufika kwetu pamoja na mitumba mingine, na anayeziuza bila kusema hilo amemficha mnunuzi kasoro ambayo ataishi nayo kila siku.

Dalili: "Mzigo umefika umevunjika"

Tangu Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa mwaka 2025, mizigo ya Sengerema, Geita na Bukoba haisubiri tena kivuko, na malalamiko ya kuchelewa yamepungua. Ya kuvunjika bado yapo, kwa kuwa boksi linalowekwa chini ya magunia ya dagaa kwenye buti la basi huumia vilevile, liwe limevuka kwa daraja au kwa kivuko.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa (Sura ya 214) huchukulia kwamba muuzaji akishaukabidhi mzigo kwa msafirishaji kama walivyopatana, ni kama ameukabidhi kwa mnunuzi, isipokuwa wamekubaliana vingine. Wauzaji wengi husikia nusu hiyo tu. Sheria hiyo hiyo humtaka muuzaji afanye na msafirishaji mapatano yanayofaa kwa aina ya mzigo wenyewe. Aliyeandika "nguo" kwenye risiti ili alipe kidogo, akaifunga bodi na lenzi zikiwa zimeungana ndani ya boksi la viatu, hana ngao. Tenganisha lenzi na bodi, toa betri, funga kila kimoja kwa sponji peke yake, weka vyote ndani ya plastiki hasa kama mzigo unapanda chombo cha majini kwenda Nansio, na hakikisha risiti inataja kamera pamoja na thamani yake. Mnunuzi naye apige picha ya boksi kabla ya kulifungua na alifungue palepale ofisini kwa wakala wa basi, kwa kuwa akishafika nalo nyumbani, msafirishaji hatakubali neno lake.

Ikiwa ulifunga vizuri na una video ya kuthibitisha, saidianeni kumdai msafirishaji, kwani risiti iko mikononi mwako na kifaa kiko mikononi mwake. Ikiwa hukufunga vizuri, usimpeleke mnunuzi kwa msafirishaji, lipa.

Dalili: "Hiki sicho ulichonionyesha", na kinyume chake

Mara nyingine mnunuzi hupokea kifaa kizima, akakilalamikia na kukirudisha, na kilichorudi kwako si kile ulichotuma. Bodi ni ya aina ileile lakini imechoka zaidi, au betri halisi imebadilishwa kwa ya bandia. Kinga yake hutengenezwa siku ya kufunga mzigo: video moja isiyokatwa inayoanza na namba ya usajili, ikapita kwenye kila mkwaruzo na vifaa vinavyoambatana, na kuishia boksi likiwa limefungwa kwa utepe. Bodi nyingi za Canon na Nikon huandika namba yake pia ndani ya faili la picha, hivyo faili alilokutumia wakati wa kulalamika linaweza kulinganishwa na namba ya bodi iliyorudi.

Mgogoro mzito zaidi katika kundi hili ni pale mnunuzi anapokujulisha kwamba kamera imetambuliwa na mtu mwingine kuwa iliibwa kwake. Asiye mwenye mali hawezi kumpa mwingine umiliki, hata kama aliinunua kwa nia njema, na hivyo mnunuzi ana haki ya kurudishiwa fedha zake, nawe una haki ya kumfuata aliyekuuzia. Usimwambie aizime simu au aifiche kamera. Nendeni wote polisi mkiwa na risiti na mazungumzo yenu. Kabla ya kununua bodi ya bei ya chini isiyo ya kawaida, iwe kwa kijana uliyekutana naye Makoroboi au kwa mtu wa mtandaoni, omba risiti ya kwanza au maandishi yenye jina na namba yake ya simu.

Dalili: "Nimeshalipa, mbona hutumi?"

Ujumbe wa malipo si malipo. Ujumbe wa kughushi huweza kuandikwa kwa maneno yaleyale ya mtandao wa simu, ukitoka kwenye namba ya kawaida, na mnunuzi mwenyewe akakupigia akihimiza kwamba basi la stendi ya Nyegezi linaondoka. Fungua menyu ya huduma, kwa M-Pesa ni *150*00#, utazame salio lako, na kwa malipo ya benki subiri fedha zionekane kwenye akaunti, kwa sababu picha ya karatasi ya benki haithibitishi kitu. Ujumbe wa ulaghai unaweza kuutuma kwa Mamlaka ya Mawasiliano (TCRA) kwenye namba 15040.

Kuna hila nyingine ambayo huwaumiza watu wawili kwa pamoja. Fedha zinaingia kweli, lakini jina la aliyetuma si la mnunuzi. Baada ya siku mbili mtu huyo anakupigia akidai kwamba alikuwa akilipia kitu kingine kabisa na kwamba wewe ndiwe uliyemtapeli. Mnunuzi wako alimpa namba yako, akachukua kamera, akapotea. Kwa sababu hiyo jina linaloonekana kwenye muamala lilingane na jina la anayepokea mzigo, na kama anasema ndugu yake ndiye amemlipia, zungumza na ndugu huyo kwa simu kabla hujafunga boksi. Mwombe pia mlipaji aandike sentensi moja kwenye mazungumzo, ikitaja kiasi, kifaa na namba yake ya usajili. Sentensi hiyo itakusaidia pia iwapo atawaomba watu wa mtandao warudishe muamala kwa madai kwamba alikosea namba.

Dalili: "Nimepata ya bei nafuu"

Hapa kifaa hakina kasoro. Huwajibiki kurudisha fedha, na unaweza kusema hivyo kwa adabu. Binafsi humkubalia akileta mwenyewe ndani ya siku mbili, kifaa kikiwa kama kilivyotoka na nauli juu yake.

Kurudisha fedha bila kuzaa mgogoro wa pili

Marejesho nayo huhitaji utaratibu. Andikeni kwanza mmekubaliana nini: kiasi, nani analipa usafiri, na kwamba fedha zitatumwa baada ya kifaa kukaguliwa. Mzigo ukifika ufungue ukiwa kwenye simu ya video na mnunuzi, linganisha namba, washa kamera, kisha tuma fedha siku hiyohiyo kwenye namba ileile iliyokulipa, wala si kwenye namba mpya aliyokutajia dakika ya mwisho. Kwa kuwa watu wengi hutumia fedha ya mauzo kabla mnunuzi hajajaribu kifaa, naweka sharti la saa 48 za majaribio katika tangazo, na katika muda huo siigusi fedha hiyo hata kama kodi ya studio inanidai.

Mkishindwa kuelewana, mtafuteni mpiga picha au fundi mnayemwamini nyote wawili aseme kuhusu kifaa chenyewe. Hilo likishindikana, anayedai anaweza kwenda mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa kwa usuluhishi, au kufungua madai Mahakama ya Mwanzo. Na palipo na ulaghai, aripoti polisi na apewe namba ya RB, yaani namba ya kumbukumbu ya taarifa yake. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu za kielektroniki kama ushahidi, kwa hiyo mazungumzo ya WhatsApp yana uzito. Yahifadhi kwenye simu ileile yalikofanyikia, pamoja na tangazo, video ya kufunga mzigo, risiti ya basi na ujumbe wa muamala, na usiifute namba ya mnunuzi wala kumzuia mpaka shauri liishe.